Siku moja na sanduku la stepla

Mama yangu huwaambia majirani kwamba nauza stepla. Jirani mmoja aliwahi kuniagiza boksi la pini za kubania karatasi, na mimi nimeshachoka kusahihisha. Stepla zangu hukata na kushona utumbo wa mtu kwa mfyatuo mmoja, na kazi yangu ni kuzifikisha hospitali na kusimama chumba cha upasuaji mpaka itumike ya mwisho.

Saa kumi na nusu alfajiri nakagua sanduku: mishikio, katriji (vibebeo vya pini vinavyochomekwa kwenye mshikio), stepla ya duara ya mm 29, tarehe za kuisha muda. LPO, yaani hati ya oda ya hospitali, inasema katriji nne za bluu, zote za mshono wa urefu wa mm 60. Naongeza kijani mbili za akiba, kimyakimya. Bajaji, foleni ya Ubungo, saa moja na nusu niko hospitali.

Saa mbili operesheni haijaanza, kitanda cha ICU hakijapatikana. Ndipo nikaitwa ofisi ya manunuzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti, kaa. Hivi hizi rangi ni za nini? Nyeupe, bluu, kijani, kama aiskrimu. Kwa nini wasitengeneze moja ikamaliza kazi?"

Swali ni zuri, na ningelifurahia kama asingeliuliza mara nne ndani ya saa nzima na robo. Pini zetu ni za titani, ambayo inakunjika bila kukatika na mwili hauikatai. Miguu yake imenyooka. Ikigonga fuawe, kile chuma cha kukunjia kilicho upande wa pili, inajikunja na kuwa kama herufi B. Kwa zile tunazoleta, mguu wa nyeupe ni mm 2.5, bluu 3.5, kijani 4.8. Zikifunga zinabaki kama mm 1, 1.5 na 2. Mguu mfupi kwenye nyama nene haufiki ng'ambo ukajikunja, na mshono unaachia. Mguu mrefu kwenye nyama nyembamba unaacha B iliyolegea, damu inachuruzika.

Akanitazama tu. Basi nikachukua stepla ya mezani kwake, nikabana karatasi mbili, safi kabisa. Kisha nikaiweka kwenye faili nene lililokuwa mbele yangu nikagandamiza kwa nguvu. Pini ikaingia nusu, mguu mmoja ukakunjika, mwingine ukabaki umesimama kama mwiba.

"Hilo ni faili la zabuni!" Alilichukua akaanza kuichomoa pini kwa kucha. Lakini alikuwa ameelewa, kwa sababu papo hapo akasema, "Basi leteni ndefu tupu."

Tukarudi mwanzo. Ukibana kidogo, damu inavuja. Ukibana sana, nyama ya kwenye mshono inakosa damu na kufa, kisha mshono unafunguka siku ya tano mgonjwa akiwa wodini. Ile nafasi ndani ya B imeachwa makusudi, mishipa midogo ipitishe damu.

"Na kuziosha mkazitumia tena?" Katriji ikishafyatuka, ndani mna kufuli inayoizuia isifyatuke tena, maana kisu kingekata utumbo bila pini hata moja kufuata. Kufuli hiyo ni vipande zaidi, na vipande zaidi ni bei zaidi na mahali pengine pa kukwama. Ya betri je? Inafyatua bila mkono kuyumba, lakini ni nzito na bei yake nilipoitaja alivua miwani. Kila alichotaka kiboreshwe kilikuwa tayari kimeshalipiwa na kitu kingine. Mashine ya kwanza, ya daktari wa upasuaji Hültl kule Budapest mwaka 1908, ilikuwa na uzito unaozidi kilo 3 na kuiunganisha tu kulichukua kama saa mbili. Tangu hapo wahandisi wanapunguza huku, inaongezeka kule.

Sikumtajia kwamba mwaka 2019 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilisema imepokea taarifa zaidi ya 41,000 za matatizo ya stepla za upasuaji kati ya 2011 na 2018, vifo 366 vikiwamo. Ukubwa wa pini usiolingana na nyama ni mojawapo ya yaliyoripotiwa. Ningemtajia, angefuta oda yote.

Saa saba kasoro tukaingia. Saratani ya puru, mwisho wa utumbo mpana, mgonjwa alishapigwa mionzi, upasuaji wa matundu madogo kwa kamera. Mimi nasimama nyuma, mikono mgongoni. Naruhusiwa kusema, kugusa hapana. Sista ameshafungua bluu moja. Kwenye skrini nyama imevimba, na Dokta akijaribu kufunga taya, mshikio unagoma.

"Dada wa stepla, hii itatosha?"

"Dokta, kwa unene huo mimi ningeandaa kijani. Uamuzi ni wako."

"Ipo?"

Ipo.

Halafu nyonga ni nyembamba. Taya za mm 60 zingemaliza kwa mfyatuo mmoja, lakini hazigeuki humo ndani. Kijani zangu ni za 45, kwa hiyo ni mifyatuo miwili, na mishono miwili inapokutana ndipo panapotia wasiwasi. Kiungo cha shingo ya stepla nacho kina mwisho wake wa kupinda. Nguvu yote ya kusukuma kisu inapita hapo, ndani ya bomba linaloingia kwenye tundu dogo la tumboni. Akafunga taya. Tukasubiri sekunde 15, maji yakamuke kwenye nyama kabla pini hazijapita. Nilihesabu kimoyomoyo. Miguu ilishaanza kuwaka moto.

Ya duara, ya kuunganisha ncha mbili za utumbo, ilikuja baadaye sana, sikumbuki saa. Ya mm 33 ingeacha njia pana zaidi, ila kuipitisha ungeweza kuchana utumbo. Ilipotolewa, sista akaweka kwenye bakuli la chuma vile vipete viwili vya nyama vilivyokatwa ndani yake. Dokta akavigeuza kwa kidole kimoja kimoja. Vyote vizima, hakuna pengo. Wakamwaga maji kwenye nyonga, wakapuliza hewa kwa chini. Sote tukakodolea skrini tukitafuta povu la mshono unaovuja. Hakuna lililotoka.

Nje giza limeingia, sijala tangu chapati ya asubuhi. Naandika hati ya makabidhiano kwenye benchi la korido. Bluu moja imefunguliwa, haikutumika, na haiwezi kurudi stoo. Kijani mbili zimetumika, hazimo kwenye LPO. Ofisi ya manunuzi imefungwa tangu saa tisa na nusu. Nimeacha nafasi ya sahihi wazi, nikaibana hati kwa stepla ya sista wa zamu. Kesho saa mbili nitakuwa tena mbele ya yule mzee.