Milimita 960 Kuelekea Busisi

Mwaka 2022, daraja la Kigongo–Busisi likiwa bado nguzo na winchi majini katika Ziwa Victoria, mkoani Mwanza, mjomba wangu alikuwa na safari ya kupeleka mabati Sengerema. Nikaomba lifti. Sengerema sikuwa na shughuli yoyote. Nilikuwa na kamera mpya tu.

Kamera yenyewe ilikuwa ndogo, inaingia mfuko wa koti, lakini lenzi yake ilivuta mara 40: kutoka milimita 24, zinazotosha kuingiza kilima kizima, hadi milimita 960, zinazoleta cha mbali karibu, kwa hesabu ya filamu ya zamani ya milimita 35. Kwa kamera kubwa, lenzi ya uwezo huo hubebwa kama mtoto mgonjwa. Hii iliwezekana kwa sababu sensa iliyo ndani, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, ni ndogo mno, kama milimita 6 kwa 5, hivyo lenzi fupi inatosha kuona mbali. Gharama yake iko kwenye mwanga. Ukivuta hadi mwisho, tundu la lenzi linasinyaa kutoka f/3.3 hadi f/6.9, na mwanga unaoingia unabaki kama robo. Zumu ya kidijitali niliizima siku ile ile niliyoinunua. Ile haivuti kitu, inakata picha na kuikuza.

Tulitoka mjini asubuhi na mapema. Baada ya Mkolani nikamwomba asimame.

“Hapo pana nini?”

“Mawe, mjomba.”

“Mawe?” Alinitazama. “Umezaliwa kwenye mawe, umekulia kwenye mawe, leo ndiyo umeyaona?”

Akasimama, ila injini hakuizima. Kwa milimita 24 kilikuwa kilima cha kawaida cha Mwanza: majabali, na nyumba zilizoparamia hadi katikati. Nilipovuta, kila kitu kikabanana. Nyumba ya chini na jabali la juu kabisa, ambavyo kwa mguu ni mwendo mzuri tu, vikaonekana vimegusana, bati jekundu limeegemea jiwe. Hapo ndipo nilipoipenda kamera ile. Watu husifia zumu kwa kuleta vitu karibu, lakini mimi naona uzuri wake ni huko kubana umbali.

Usagara tukakata kulia, tukaiacha barabara ya Shinyanga. Mjomba alikuwa anawahi foleni ya kivuko, kwa hiyo sikuomba tena kusimama.

Kigongo foleni ilikuwepo kama kawaida. (Daraja lilifunguliwa Juni 2025, kilomita 3 za kukatiza ghuba, na kusubiri kule kumekwisha.) Lori la ng'ombe lilitaka kutuchomekea mbele, mjomba akashuka, wakarushiana maneno, likarudi nyuma. Mimi nilikuwa nimeona furukombe kwenye mti mkavu kando ya maji. Jua la asubuhi lilikuwa mgongoni kwetu, na kwa hilo ndege alitoka vizuri, kichwa cheupe, mdomo wenye manjano, hadi kucha. Tatizo lilikuwa kioo cha kamera. Kamera haina tundu la kuchungulia, na juani kioo kinageuka cheusi. Mjomba akavua kofia akanikingia, huku akiniambia nifanye haraka watu wanatuangalia.

Nikavuta ng'ambo, Busisi. Huko zumu haikufua dafu. Hewa iliyopata joto ilikuwa inachezacheza juu ya maji, majengo ya upande wa pili yakawa yanayeyuka, na hakuna lenzi inayotibu hilo. Dawa ni kuwahi zaidi, kabla jua halijachoma.

Mama mmoja aliyekuwa anauza sato wa kukaanga nilimpiga picha kutoka mbali kidogo, kisha nikamfuata.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba.”

Nikamwonyesha picha, nikamwambia asipoipenda naifuta. Akaikodolea macho.

“Yaani umenichukua kutoka kule kote, hata samaki mmoja hujanunua?”

Nikanunua wawili. Picha akaniachia.

Tulipokuwa ndani ya kivuko nilimuuliza kwanza mfanyakazi kama naruhusiwa kupiga picha nguzo za daraja, akasema endelea. Kwa mvuto mrefu picha zote zikatoka zimetikisika. Mtu unadhani ukiegemea bomba la chuma utatulia, kumbe mtetemo wa injini unapanda kwenye chuma hadi kwenye kamera. Niliposimama katikati, viwiko nimevibana mbavuni, magoti nimeyalegeza, na shata nimeiweka kwenye 1/1000 ya sekunde, zikaanza kutoka safi: mafundi wenye kofia ngumu juu ya nguzo, mnandi wamejipanga chini yao.

Mjomba, aliyekuwa amejifanya hana habari na mambo hayo, akanyoosha mkono.

“Hebu lete.”

Nikamwonyesha pa kubonyeza. Hakuangalia nguzo, wala ndege. Akageukia Kigongo tulikotoka, akavuta, akatafuta, akavuta tena. Kisha akaanza kucheka peke yake.

“Lile lori la ng'ombe,” alisema, “limeachwa! Dereva amekaa kwenye tairi anakula muwa. Njoo uone.”

Nikaona. Nilipotaka kamera yangu, akaniambia nisubiri, hajamaliza. Niliipata tulipofika Busisi.