TV kwa hela ya kuhesabu: kagua weusi wa kioo na taa za nyuma kwanza

Ukiingia madukani Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, boksi moja limeandikwa LED, jingine QLED, la tatu 4K HDR, na kila neno linaongeza bei. Kwa mwenye bajeti ndogo, karibu TV zote hizo ni kitu kimoja: kioo cha LCD chenye taa za LED nyuma yake. Kioo chenyewe hakiwaki. Kazi yake ni kuruhusu mwanga wa taa upite au kuuzuia, kwenye kila pikseli, yaani kila nukta ndogo ya picha. Kwa hiyo maswali yenye uzito ni mawili: kioo kinazuia mwanga vizuri kiasi gani, na taa zitadumu miaka mingapi. Hela yako iende huko.

Tuanze na kioo. Vioo vya LCD vya TV viko vya aina mbili kubwa, VA na IPS. Kioo cha VA kinazuia mwanga vizuri: sehemu nyeupe huwa na mwanga mara 3,000 au zaidi ya sehemu nyeusi. Kwa IPS ni mara 1,000 hivi. Maana yake, ukizima taa ya sebuleni na kutazama filamu yenye matukio ya usiku, IPS itakuonyesha ukungu wa kijivu pale ambapo VA inaonyesha giza. Udhaifu wa VA ni pembeni. Aliyekaa kwenye kochi la ubavuni ataona rangi zimepauka, wakati IPS inabaki na rangi zake. Watu wawili watatu wanaokaa mbele ya TV wachukue VA bila kusita. Sebule pana ambayo mpira unatazamwa na watu kumi wamejipanga hadi mlangoni, IPS ina haki yake, hasa kama mnatazama mchana. Aina ya kioo haiandikwi kwenye boksi, na kampuni moja inaweza kuuza modeli ileile kwa vioo tofauti kulingana na inchi. Njia ya kujua ni kuijaribu dukani. Nitaeleza hapa chini.

Sasa taa, ambazo ndizo zinazoua TV nyingi za bei nafuu. Tatizo ambalo mafundi wanaletewa kila siku ni hili: sauti ipo, picha hakuna. Ukimulika kioo kwa tochi ya simu gizani ukaona picha hafifu inacheza, jua kioo hakina tatizo, taa ndizo zimekufa. TV nyingi za inchi 32 zina stripu (vipande virefu vyembamba) mbili au tatu za taa zilizopangwa nyuma ya kioo, na taa hizo zimeungwa kwa mfululizo. Kila taa ya kawaida inataka volti 3 hivi, kwa hiyo taa 18 zinalishwa na volti kama 54 kwenye mstari mmoja. Taa moja ikikatika, mstari wote unazima. Wakati mwingine picha inawaka sekunde moja kisha inapotea, kwa sababu saketi inagundua hitilafu na kujilinda.

Zinakufa mapema kwa sababu ya joto. Mtengenezaji anayebana gharama anaweka taa chache kisha anazisukuma kwa mkondo mkubwa ili TV ing'ae dukani. Dawa yake haina gharama: ukifika nyumbani, toa mpangilio wa picha wa dukani, weka wa nyumbani, kisha shusha Backlight (nguvu ya taa za nyuma) hadi asilimia 60 au 70. Usiichanganye na Brightness: kwenye TV nyingi hiyo hubadilisha kina cha weusi tu na haigusi taa. Ukishusha Backlight taa zinapoa, na bili ya umeme inapungua pia.

Kuna tofauti pia ya mahali taa zilipo. Kwenye TV nyembamba sana, taa zimepangwa ukingoni na mwanga unasambazwa na bamba la plastiki. Zinapendeza ukutani, lakini joto linakusanyika sehemu moja, na pembe za picha huvujisha mwanga. TV nene kidogo yenye taa nyuma ya kioo kizima inapoa vizuri zaidi, na stripu zake hupatikana kwa urahisi. Mimi ningechukua hiyo nene. Ugonjwa wake ni lenzi ndogo zilizobandikwa juu ya kila taa: gundi ikichoka lenzi inadondoka, na unaona doa jeupe la duara kwenye picha. Fundi anaweza kuibandika tena, ila lazima afungue kioo, na hapo ndipo hatari ilipo. Nyaya bapa zilizoshikamana na ukingo wa kioo zikipinda vibaya, kioo kimekwisha, na bei ya kioo kipya inakaribia ya TV nzima. Fundi akibadilisha taa, abadilishe stripu zote pamoja kwa kufuata namba iliyoandikwa kwenye stripu. Ukiweka taa moja mpya katikati ya zilizochoka, jirani yake itafuata. Mwombe pia apunguze mkondo wa taa kwenye bodi. Anayejua kazi yake anajua ni rezista ipi ya kugusa.

Je, 4K, yaani kioo chenye pikseli mara nne ya Full HD (1920 kwa 1080)? Chukua futi kamba upime kutoka kwenye kochi hadi ukutani. Jicho zima halitofautishi pikseli za inchi 43 Full HD ukikaa zaidi ya mita 1.7. Kwa inchi 55 Full HD, umbali huo ni mita 2.2. Kwa 4K gawa kwa mbili. Sebule nyingi watu wanakaa mita mbili na nusu au tatu, kwa hiyo kwenye inchi 43 hakuna sababu ya kulipia 4K. Kuanzia inchi 55 hakuna mjadala mkubwa, maana Full HD za ukubwa huo ni adimu. Kumbuka pia kwamba chaneli nyingi za king'amuzi bado ni za mistari 576, na picha hiyo ikitandazwa kwenye inchi 55 inaonekana chafu kuliko kwenye 32.

Jihadhari na TV ya inchi 32 iliyoandikwa "4K supported". Mara nyingi ina kioo cha 1366 kwa 768. Inapokea video ya 4K kisha inaipunguza. HDR, yaani video yenye tofauti kubwa zaidi ya mwanga na giza, kwenye TV za bei ya chini ni hivyohivyo: inapokea video hiyo, lakini taa hazina nguvu ya kuionyesha, na pengine picha inatoka nyeusi zaidi. QLED ni LCD iliyoongezwa karatasi ya chembechembe za kwantamu: rangi zinakolea, weusi haubadiliki. Mini-LED, yenye taa za nyuma ndogo na nyingi, ni maendeleo ya kweli kwa sababu taa zinazimwa kwa makundi, ila makundi yakiwa machache utaona ukungu ukizunguka maandishi.

OLED, ambayo kila pikseli inawaka yenyewe, haina taa za nyuma kabisa, na weusi wake haushindwi na yoyote. Kwa bajeti ndogo utaikuta ya mtumba tu, na siishauri. Nembo ya chaneli ya habari inaweza kuacha alama ya kudumu, na TV hizi zinajirekebisha zikiwa zimezimwa kwa rimoti huku umeme uko. Nyumba zetu nyingi tunazima swichi ya ukutani, kwa hiyo hazipati nafasi hiyo. Plasma za mtumba ziache: utengenezaji wake uliisha karibu na 2014, na ya inchi 42 hula wati 200 au zaidi wakati LED ya inchi 32 inatosheka na 30 hadi 50.

TV za vioo viwili, yaani zenye kioo cha ziada cha kulinda mbele, zina faida halisi kwa nyumba yenye watoto wadogo, kwani rimoti ikirushwa inagonga kioo cha nje. Gharama yake ni uzito na mng'ao wa dirisha. Ukiinunua, usiiweke kuelekea mlango.

Kabla ya kwenda dukani, tengeneza picha za rangi moja za 1920 kwa 1080, nyeusi, kijivu, nyekundu, kijani na buluu, uziweke kwenye flashi. Kwenye nyeusi angalia pembe zinazovuja. Kwenye kijivu angalia michirizi na madoa. Rangi tatu zinafichua pikseli zilizokufa. Kisha weka picha ya uso wa mtu na usogee pembeni: ikipauka ni VA, ikibaki ilivyo ni IPS. Muuzaji asiyekubali flashi, nenda duka la pili.

Geuza TV usome kibandiko cha nyuma. Unataka volti 100 hadi 240, na DVB-T2 (mfumo wa matangazo ya kidijitali ya antena) kama utatumia antena. TV iliyotoka Marekani au Japani haina kipokezi cha mfumo wetu, na nyingine hazistahimili volti 230. Kama programu za ndani ni za Android isiyo na kibali cha Google, zihesabu kama hazipo, na ununue kisanduku cha Android baadaye.

Tenga sehemu ya bajeti kwa ajili ya gadi ya TV yenye kuchelewesha umeme. Umeme ukirudi baada ya kukatika huja na kishindo cha volti, na gadi inasubiri dakika chache utulie. Acha nafasi ya sentimita 10 juu na nyuma, na ufute vumbi kwenye matundu. Mjusi akiingia humo na kugusa bodi yenye umeme, utalipia bodi.