Nilivyoweka video ya moja kwa moja juu ya skrini kwa kutumia matabaka ya kadi ya michoro

Kazi ilikuwa hii: skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 inayoonyesha vipimo na grafu, na katikati yake dirisha la video kutoka kwenye kamera ya USB, moja kwa moja, likiwa na maandishi yanayoelea juu ya picha. Kompyuta ni ya Linux, programu ni ya C.

Njia inayomjia mtu haraka ni kuchukua fremu ya kamera, kuigeuza kutoka YUYV (fomati ya kamera inayotenganisha mwangaza na rangi) kuwa RGB (nyekundu, kijani na buluu), kuichanganya na maandishi, kisha kuandika matokeo kwenye kumbukumbu ya skrini. Nilianza hivyo, na hesabu ndiyo iliyonitoa huko. Skrini hiyo kwa biti 32 kwa pikseli ni baiti 8,294,400. Ukiichora upya mara 60 kwa sekunde, ni karibu megabaiti 498 kila sekunde, na hapo hujagusa kazi ya kugeuza rangi. Video yenyewe ya 640 kwa 480 katika YUYV ni baiti 614,400 tu kwa fremu, yaani megabaiti 18.4 kwa sekunde kwa fremu 30. Kila kinachozidi hapo ni kazi ambayo prosesa inafanyishwa bure.

Sehemu ya kadi ya michoro inayosukuma picha kwenda kwenye skrini ina matabaka kadhaa, na kila tabaka husoma kumbukumbu yake lenyewe. Kadi huyapanga moja juu ya jingine wakati uleule inapotuma pikseli, na kwa kawaida tabaka la video hujua kusoma YUV, familia ya fomati ambamo YUYV imo, bila kugeuziwa. Wazo hili ni la zamani. Kadi za runinga za PCI zenye chipu ya Bt848 ziliweza kuandika video moja kwa moja ndani ya kumbukumbu ya kadi ya michoro, na kiendelezi cha XVideo cha mfumo wa madirisha wa X kilitumia rangi ya ufunguo: programu inapaka mstatili rangi fulani, kadi inaweka video palipo na rangi hiyo. Ndiyo maana picha ya skrini iliyopigwa enzi hizo ilitoka na mstatili mtupu, kwa kuwa video haikuwemo kamwe kwenye kumbukumbu ya eneo-kazi. Leo Linux hutoa matabaka hayo kupitia DRM, sehemu ya keneli inayosimamia kadi za michoro, na badala ya rangi ya ufunguo tunatumia alfa, yaani kiwango cha uwazi cha kila pikseli.

Kabla ya kuandika mstari wowote, endesha `modetest -p`, zana ya majaribio ya DRM. Itakuorodheshea matabaka, fomati ambazo kila moja linakubali, na sifa zake. Mimi nilitafuta mambo matatu: tabaka linalokubali YUYV, tabaka jingine la ARGB8888 (RGB yenye alfa) kwa ajili ya maandishi, na sifa ya `zpos` inayoonyesha nani yuko juu ya nani. Kwenye baadhi ya vifaa `zpos` haibadiliki, hivyo unapanga kazi kufuata kifaa. Kisha jaribu tabaka lenyewe kwa `modetest -P`, ukitoa namba ya tabaka, ya CRTC (sehemu ya kadi inayoendesha skrini), ukubwa na fomati. Michirizi ya rangi ya majaribio ikionekana, kifaa kinaweza, na kosa lolote litakalofuata ni la programu yako.

Katika programu, washa `DRM_CLIENT_CAP_UNIVERSAL_PLANES` na `DRM_CLIENT_CAP_ATOMIC` mapema. Bila ya kwanza hutaona tabaka la msingi wala la kielekezi. Tahadhari moja ambayo hupoteza saa nyingi za watu: `possible_crtcs` ni biti zinazohesabiwa kwa nafasi ya CRTC katika orodha, si kwa namba yake ya utambulisho. CRTC ya kwanza katika orodha ni biti 0 hata kama namba yake ni 51. Vilevile, yote haya hufanyika kwenye konsoli ya maandishi. Mfumo wa madirisha ukiwa unaendesha skrini ileile, ndio unaoshika umiliki wake, nawe utajibiwa kwamba huna ruhusa hata ukiwa root.

Upande wa kamera, `v4l2-ctl --list-formats-ext` inaeleza ukweli wote. Kamera ya USB 2.0 ikitoa YUYV ya 1280 kwa 720 kwa fremu 30 ingehitaji megabaiti 55.3 kwa sekunde, ilhali njia ya isokronasi (ya data inayotumwa kwa mwendo usiokatika) ya USB 2.0 ina kikomo cha megabaiti 24.6. Kwa hiyo utaona kamera inakupa fremu 10 tu kwa ukubwa huo, isipokuwa ukubali MJPEG, ambayo hubana kila fremu kama picha ya JPEG. Nilibaki na 640 kwa 480 YUYV, kwa sababu kufungua JPEG kunarudisha mzigo uleule niliokuwa naukimbia. Ukilazimika kutumia MJPEG, ifungue iishie kwenye YUV, usiende hadi RGB.

Matatizo mawili ya kamera yanafanana sana na makosa ya programu. La kwanza, chumba kikiwa na giza, fremu 30 zinashuka hadi 15. Hiyo ni kamera inayorefusha muda wa kupokea mwanga. Zima kidhibiti kinachoiruhusu kufanya hivyo. Majina yake ni `exposure_auto_priority` kwenye matoleo ya zamani na `exposure_dynamic_framerate` kwenye mapya. La pili, ukiunganisha kamera mbili kwenye kidhibiti kimoja cha USB, `VIDIOC_STREAMON`, amri ya kuanzisha mkondo wa kamera, inaweza kurudisha kosa la ENOSPC, ambayo husomeka kana kwamba diski imejaa. Kilichojaa ni nafasi ya USB. Hamishia kamera moja kwenye kidhibiti kingine au punguza ukubwa wa picha.

Sasa kumbukumbu. Njia nzuri kabisa ni kutonakili chochote: bafa za kamera, yaani vipande vya kumbukumbu vinavyoshika fremu, zinapewa skrini moja kwa moja kupitia dmabuf, njia ya Linux ya vifaa kushirikiana bafa. Lakini draiva ya kamera za USB hukusanya fremu kutoka vipande vya USB kwa kutumia prosesa, kwenye kumbukumbu isiyo mfululizo, na vifaa vingi vidogo vyenye kidhibiti cha skrini kisicho na IOMMU (kitengo kinachopanga anwani za kumbukumbu kwa ajili ya vifaa) haviwezi kusoma kumbukumbu ya namna hiyo. Niliamua kunakili. Megabaiti 18.4 kwa sekunde ni kitu kidogo, na programu inabaki kufanya kazi kwenye kifaa chochote.

Bafa za skrini niliziomba kwa `DRM_IOCTL_MODE_CREATE_DUMB`, upana 640, urefu 480, biti 16 kwa pikseli. Usidhani mstari mmoja ni baiti 1,280. Draiva inarudisha `pitch`, yaani urefu wa mstari kwa baiti, na inaweza kuwa kubwa zaidi kwa sababu ya mpangilio wa kumbukumbu. Kamera nayo ina `bytesperline` yake. Nakili mstari kwa mstari kwa kutumia namba hizo mbili. Ukizipuuza, picha inalala upande kama pazia lililovutwa kona. Jambo jingine: kumbukumbu hii mara nyingi imewekwa kwa ajili ya kuandikwa, na kuisoma kutoka kwenye prosesa ni polepole mno. Iandike kwa mfululizo, usiisome kamwe. Anayejaribu kuchanganya maandishi ndani yake ataona programu imezama, na hataelewa kwa nini.

Kuweka tabaka mahali pake ni sifa kumi: `FB_ID`, `CRTC_ID`, nne za `SRC` na nne za `CRTC`. Za `CRTC` ni pikseli za kawaida. Za `SRC` ni namba zenye biti 16 za sehemu ya desimali, hivyo upana wa 640 huandikwa hivi:

`drmModeAtomicAddProperty(req, tabaka, src_w, (uint64_t)640 << 16);`

Ukisahau kusogeza biti 16, unaomba kipande kidogo kuliko pikseli moja, nayo keneli inakataa au unaona mstatili wa rangi moja. Katika YUYV pikseli mbili hushirikiana rangi, kwa hiyo weka mwanzo na upana wa chanzo katika namba shufwa. Kukuza picha si haki ya kila tabaka. Kwa sababu hiyo kila mpangilio mpya niliutuma kwanza na `DRM_MODE_ATOMIC_TEST_ONLY`: ukikataliwa, hakuna kilichoharibika kwenye skrini, na programu inashuka kwenye ukubwa wa asili. Ukijibiwa EINVAL (ombi si sahihi) bila maelezo, andika 0x14 kwenye `/sys/module/drm/parameters/debug` kisha usome `dmesg`. Sababu karibu kila mara imeandikwa pale kwa jina la tabaka.

Kiini cha kazi yote, hata hivyo, ni swali moja: bafa hii sasa hivi iko mikononi mwa nani? Video inayopasuka katikati, fremu zinazorudi nyuma, na kuganda kwa ghafla, vyote nilivyokutana navyo vilitokana na kuandika kwenye bafa ambayo kadi bado ilikuwa inaisoma. Ombi la kubadilisha fremu likikubaliwa, fremu haijabadilika bado. Inabadilika kwenye pengo kati ya michoro miwili ya skrini, ambayo kwa mara 60 kwa sekunde hutokea kila milisekunde 16.7. Mpaka tukio la kubadilika lifike, bafa ya zamani bado inasomwa.

Nilitumia bafa tatu upande wa skrini: inayoonekana, iliyoombwa na inayosubiri. Kitanzi kinalala kwenye `poll`, kikisikiliza kamera na DRM. Kamera ikitoa fremu, naitazama kwanza: ikiwa na `V4L2_BUF_FLAG_ERROR`, au `bytesused` ikiwa pungufu, inarudishwa bila kutumika, maana nusu yake ya chini ni mabaki ya fremu nyingine. Ikiwa nzima, nainakili kwenye bafa ya kusubiri na kuirudisha kwa kamera papo hapo. Kama hakuna ombi linaloendelea, natuma ombi lenye `DRM_MODE_ATOMIC_NONBLOCK` na `DRM_MODE_PAGE_FLIP_EVENT`. Kama lipo, fremu inabaki ikisubiri, na fremu mpya ikija kabla ya zamu inaandikwa juu yake. Tukio likifika, iliyoonekana inakuwa huru, iliyoombwa inakuwa inayoonekana, na inayosubiri inaombwa. Hakuna foleni, kwa makusudi. Kwenye video ya moja kwa moja foleni ni ucheleweshaji tu, kwani kila fremu iliyopangwa mstari huongeza milisekunde 33.

Upande wa kamera bafa nne zinatosha. Ukiamua kutonakili, hesabu inabadilika: tatu zilizoko kwenye skrini na angalau mbili zilizobaki kwa kamera, kwa kuwa kamera isiyo na bafa hutupa fremu.

Kosa lililonichelewesha zaidi lilikuwa EBUSY (kifaa kina shughuli) iliyotokea mara mojamoja. Maandishi yalikuwa na ombi lake na video ombi lake. CRTC moja haipokei ombi la pili la aina hii kabla la kwanza halijakamilika. Dawa ni kutia mabadiliko ya maandishi kwenye ombi lilelile la video, kwa mkupuo mmoja. Faida ya ziada ni kwamba kisanduku kinachofuata kitu ndani ya picha hubadilika pamoja na fremu yake.

Kamera na skrini zina saa tofauti, kwa hiyo fremu ya 30 kwa sekunde huonekana kwa michoro miwili, na mara chache mmoja au mitatu. Usijaribu kusawazisha kwa kipima muda. Chanzo cha fremu 25 kitakupa mpangilio wa 2, 2, 3, 2, 3, na mwendo wa pembeni utaonekana kusitasita kidogo. Hapo suluhisho halisi ni kuendesha skrini kwa 50.

Rangi zilihitaji uangalifu. Weka `COLOR_ENCODING` na `COLOR_RANGE` kufuata kile `VIDIOC_G_FMT` inachosema, usiache chaguo-msingi. Katika masafa finyu, weusi ni 16 na weupe ni 235. Ukiyasoma kama masafa kamili, weusi unakuwa kijivu na picha inapauka. Ukikosea kinyume chake, vivuli vinazama na weupe unaungua. Kuchanganya BT.601 na BT.709, viwango viwili vya kugeuza YUV kuwa RGB, ni kosa la taratibu zaidi: picha ni nzuri, ila rangi ya ngozi na kijani zimehama. Elekeza kamera kwenye kadi ya kijivu na karatasi nyeupe, kisha kwenye kitu chekundu cha kukoza. Kijivu peke yake hakitafichua kosa la pili.

Kwenye tabaka la maandishi, alfa ya kawaida hudhani rangi zimekwisha kuzidishwa nayo. Nyeupe ya nusu uwazi ni 128, 128, 128, 128, wala si 255 tatu na alfa 128. Mahali pa wazi kabisa pawe sifuri zote nne. Herufi zikiwa na pindo linalong'aa juu ya video, tatizo ni hilo.

Ucheleweshaji niliupima kwa kuonyesha saa ya milisekunde kwenye skrini, kuielekezea kamera, na kupiga picha moja inayonasa saa yenyewe na nakala yake ndani ya video. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo jibu, na inajumuisha kamera na skrini pia. Piga kadhaa, maana picha moja inaweza kudanganya kwa hadi fremu nzima.

Wakati wa kufunga, weka `FB_ID` na `CRTC_ID` za tabaka kuwa sifuri kwa pamoja. Ukiweka moja tu, ombi linakataliwa. Subiri tukio la mwisho, zima mkondo wa kamera, ondoa framebafa, kisha rudisha CRTC ilivyokuwa kabla ya programu kuanza. Nilisajili utaratibu huo pia kwa SIGINT na SIGTERM, ili yule anayesimamisha programu kwa Ctrl-C arudishiwe konsoli inayosomeka.