Usiuze Chogo Kabla Hujajaribu Gemu la Kaseti

Mashine nyingi za gemu za kaseti zinazoitwa mbovu hapa Tabora ni nzima. Kilichobadilika ni TV. Karibu zote ni nakala za Famicom, ile Nintendo ya mwaka 1983, na ziliundwa kwa ajili ya TV ya chogo, ile nene ya zamani. Flati inazipokea kwa shingo upande.

Lalamiko la kwanza huwa picha isiyo na rangi. Flati nyingi hazina tundu la njano peke yake, limeunganishwa na la kijani. Ukichomeka njano hapo kisha ukachagua palipoandikwa Component, utaona picha nyeusi na nyeupe. Chagua AV. Rangi isiporudi, mfumo wa rangi umewekwa PAL wakati mashine inatoa NTSC, basi weka Auto. Sauti inatoka waya mmoja tu, kwa hiyo usihangaike na tundu jekundu. Umbo la picha liwe 4:3, la sivyo Mario ananenepa.

Bunduki ya Duck Hunt, gemu la kuwinda bata, ni habari nyingine. Kwenye flati haifanyi kazi, hata uisafishe mpaka kesho. Ukifyatua, kioo chote kinakuwa cheusi kwa fremu moja, yaani picha moja kati ya zinazopita kila sekunde, halafu pale alipo bata kinatokea kisanduku cheupe. Ndani ya mtutu mna kihisi cha mwanga, nacho kikiuona weupe kwa wakati huo, bata anaanguka. Fremu moja ya NTSC ni kama milisekunde 16.7. Flati inapokea picha, inaichakata, ndipo inaionyesha. Kisanduku kinapotokea, mashine imeshaamua kwamba umekosa. Isitoshe, saketi ya bunduki imetegeshwa kwa mwanga wa chogo, unaochorwa mstari kwa mstari, karibu mistari 15,700 kwa sekunde. Mwanga wa flati hauna mdundo huo. Kwa hiyo fundi akikuambia bunduki imekufa, mwombe aijaribu kwenye chogo kabla hujamlipa.

Ucheleweshaji huohuo unaharibu hata Contra, lile gemu la kukimbia na kupiga risasi. TV inayochelewa milisekunde 100 iko nyuma fremu 6, yaani unabonyeza kuruka wakati risasi imeshakufikia. Washa modi ya gemu kwenye menyu ya picha, itapunguza kiasi. Kile kiboksi cha kugeuza AV kuwa HDMI hakipunguzi kitu, na vingine vinazidisha. Ukiamua kununua, soma maandishi: kuna cha AV kwenda HDMI na cha HDMI kwenda AV, sura moja kabisa, na ukibeba cha kinyume utabaki unatazama kioo cheusi. Lakini maadui wakipepesa wanapojaa kwenye mstari mmoja, usilaumu TV. Chipu ya mashine inachora vipande 8 tu vya vitu vinavyosogea kwa kila mstari.

Kaseti isiposoma, kumbuka vumbi letu la kiangazi. Acha kupuliza kwa mdomo, unyevu wa pumzi unaleta kutu. Lowesha pamba ya masikio kwa spiriti ya duka la dawa, sugua meno yote 60 ya chuma mdomoni mwa kaseti, 30 kila upande, mpaka pamba itoke safi, kisha acha ikauke dakika 5. Weusi sugu unatoka kwa raba laini ya penseli, halafu spiriti tena. Msasa usiguse kabisa, unakwangua utando wa juu na baada ya hapo kutu haina kizuizi.

Adapta ndiyo inayoua mashine nzima. Nyingi zinataka volti 9 za DC, ambazo ndani zinashushwa hadi 5 na kidude cha 7805. Ukiweka volti 12 kwa mkondo wa miliampea 300, kidude hicho kinabeba wati 2.1 za joto badala ya 1.2, kisha unashangaa gemu linaganda baada ya nusu saa. Ukiweka volti 6, haitoshi: picha inatetemeka au mashine inajiwasha upya. Tazama pia alama ya duara karibu na tundu. Chanya na hasi vikibadilishana, chipu inaweza kufa moja kwa moja.

Sidharau vya kisasa, picha za leo ni nzuri mno. Ila Super Mario Bros. ya 1985 ni kilobaiti 40, na yote imo ndani ya kaseti. The Crew, gemu la magari linalotegemea seva za mtandaoni, ilitoka 2014, seva zikazimwa tarehe 31 Machi 2024, na hata mwenye diski mkononi akashindwa kuicheza. Bando halisaidii hapo.

Basi ukikuta chogo la inchi 14 au 21 lenye matundu ya AV mbele, lichukue. Lijaribu kwanza likiwa limewaka nusu saa, maana mengine rangi zinahama yakipata moto. Nyuma usifungue: bomba lake linaweza kubaki na maelfu ya volti hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Hiyo mwachie fundi.