Pampu ya pili imeanza kazi

Leo jioni nimemaliza kuunganisha nyaya za pampu ya pili ya mafuta kwenye gari langu, ambalo tangu lifungwe turbo kubwa (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) lilikuwa likipungukiwa mafuta kila injini ilipodaiwa nguvu.

Nimevuta waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, fyuzi ikikaa karibu kabisa na betri, kisha umeme unaingia mguu wa 30 wa rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo) na kutokea mguu wa 87 kuelekea kwenye pampu.

Rilei inaamrishwa na swichi ya presha ya turbo, inayojiwasha presha hiyo ikipanda, nayo swichi hiyo hupata umeme kutoka saketi ya pampu ya kwanza, ili injini ikizimika ghafla pampu zote mbili zinyamaze.

Kilichonifurahisha ni mita: pampu ikivuma, kwenye plagi yake nimesoma volti 13.6, na kwenye betri 13.8, yaani ni volti 0.2 tu zinazopotea njiani.

(Mahali pa ethi, yaani waya wa hasi unaposhikana na bodi ya gari, nilikwangua rangi hadi chuma kikang'aa, wengi hupapuuza.)

Wenzangu mliofunga pampu mbili, ya pili mnaiwasha kwa presha ya kiasi gani, au mmeziacha zote zivume muda wote?