Glasi Zilipofunga Utando: Mashine ya Vyombo na Maji ya Kisima

Kama jiko lako liko Tanga na lina mashine kubwa ya kuoshea vyombo, kabla hujanunua kipuri chochote uliza maji yake yanatoka wapi.

Jikoni ninakosimamia, Raskazone, mwenye hoteli alichimba kisima ili kupunguza bili, na tangi la jiko likawa linajazwa humo. Haukupita muda glasi zikaanza kutoka na utando mweupe, sahani hazikauki, na kipimo cha joto la maji ya suuza kinagota sabini na kitu. Maji ya kuoshea yanatakiwa nyuzi 55 hadi 65. Ya suuza ya mwisho yafike 82 au zaidi, ndipo joto liue vijidudu. Fundi aliyekuja akasema pampu imekwisha, tununue nyingine.

Mama anayesimamia kuosha vyombo hakukubaliana naye. "Mwanangu, hebu tazama. Hii nimeisugua kwa siki." Glasi ilikuwa inameta. Kwangu kesi iliishia hapo. Utando unaotoka kwa siki ni chokaa. Usipotoka, glasi yenyewe imechubuka na hairudi tena.

Na chokaa Tanga si kitu cha kutafuta. Mapango ya Amboni yalichimbwa na maji kwenye mawe hayohayo ya chokaa. Maji ya bomba hutoka bwawa la Mabayani, kwenye mto Zigi unaoshuka kutoka Usambara, na birika la ofisini linalotumia maji hayo halijawahi kushika magamba ya maana. Ya kisima yakipata moto, chokaa hujitenga na kuganda, tena hita ndiyo ya kwanza kuvamiwa. Hita ikishavaa ganda, umeme unaliwa lakini joto haliyafikii maji vizuri.

Tulizima swichi kuu, tukamwaga maji, tukachomoa mikono ya suuza, yale mabomba yanayorushia vyombo maji. Nozeli nyingi, vile vitundu vya kurushia maji, zilikuwa zimeziba; tulizizibua kwa vijiti vya meno, maana waya hupanua tundu na kuharibu mrusho wa maji. Boila, yaani tangi la kupashia moto maji ya suuza, nilimwachia fundi umeme. Pampu haikuwa na tatizo lolote.

Kabla ya kuizungusha mashine tupu na dawa ya kutoa chokaa, ambayo ni asidi, tuliuondoa mrija wa dawa ya kuoshea na kusafisha tangi lote. Dawa nyingi za mashine hizi zina klorini, na klorini ikikutana na asidi hutoa gesi ya sumu. Hapo hapana mzaha: glavu, miwani, madirisha wazi.

Kipimo kilipanda kikapita 82. Kisha tukafunga kifaa cha kulainisha maji, yaani cha kuyaondolea chokaa, kile kinachotumia chumvi. Mwenye hoteli alinung'unikia gharama ya chumvi, lakini bei ya pampu alikuwa nayo mkononi.

Sasa kila usiku tangi linamwagwa, machujio yanaoshwa, mlango unaachwa wazi. Vyombo vya mayai vinapitishwa maji baridi kwanza, kwani moto huyagandisha kwenye sahani. Na joto likishuka jioni tu, wakati taa nazo zinafifia, usiilaumu chokaa. Pima umeme, kwa sababu volti zikipungua hita huchelewa vilevile.