Mashimo ya Simba

Wiki hii yote hapa nyumbani mazungumzo ni mbwa wetu Simba na mashimo yake. Ua wetu wa Kihonda, Morogoro, si mkubwa, na Mama ameutunza kwa mikono yake: ukoka mbele, matuta ya mchicha na matembele nyuma, mwembe pembeni. Mbwa akifukua hapo, anafukua jasho la mtu. Simlaumu Mama akishika fimbo. Ila Simba nampenda, na fimbo siiamini.

Mama anasema mbwa anajua kosa lake. "Mtazame anavyolaza masikio, mwanangu. Hiyo ni aibu." Nikamsimulia habari za Alexandra Horowitz, mtafiti wa Marekani aliyelichunguza jambo hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Wenye mbwa waliambiwa mbwa wao kala chakula alichokatazwa, mara kweli, mara si kweli. Ile sura ya kuomba radhi ilikuja kwa sababu ya kukemewa; hata mbwa ambaye hakugusa kitu aliionyesha. Kwa hiyo Simba akichapwa jioni kwa shimo alilochimba saa sita mchana, anachojifunza ni kumwogopa Mama tu. Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, basi mzuie kwa hiyo njia yako. Mchicha wangu nautaka."

Jana mchana, kabla ya kufukia chochote, nilichuchumaa nikayatazama mashimo yenyewe. Yale ya karibu na simtanki na ya kwenye matuta ni mafupi na mapana, yanamtosha mbwa aliyejikunja. Nikaweka kiganja. Udongo wa juu ulikuwa unaunguza. Ule wa chini una unyevunyevu, umepoa kabisa. Mnyama huyu ana manyoya mwili mzima na hatoki jasho kama sisi. Jasho lake ni la nyayoni tu, na kazi kubwa ya kujipoza anaifanya kwa kuhema ulimi nje. Banda lake ni la bati na liko juani. Saa nane mchana huwezi kuliegemea. Mama naye humwagilia matuta asubuhi na jioni. Kwa Simba hicho ni kitanda kimetandikwa.

Shimo la ukutani ni habari nyingine. Ni jembamba, linaingia chini ya msingi, na mdomoni pake nimekuta kokwa za embe zilizoguguniwa. Panya buku. Hapa Morogoro tunamfahamu vizuri, maana pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO linawafundisha panya hao kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, kazi ninayoiheshimu sana. Lakini wa kwetu anakula mihogo, na Simba anamsikia akipita chini ya ardhi. Jirani yetu mmoja, mzee wa watu, alinishauri niweke sumu. Nilimshukuru nikamwambia, "Hapana mzee, kuna mbwa." Sumu nyingi za panya huzuia damu isigande, na mbwa akimla panya aliyeila anaweza kuvujia damu ndani kwa ndani hadi afe. Tutatega mtego, na jalala la maganda nimeshalihamisha mbali na ukuta. Wapo pia wanaomwaga oili chafu mashimoni. Udongo huo huo ndio unaotupa mboga!

Basi leo tumelisogeza banda chini ya mwembe, tukafunika bati kwa nyasi, na maji yake yako kivulini kwenye sufuria kuukuu. Kwenye kona nikapanga matofali, nikamimina mchanga wa mto, nikaulowesha, kisha nikafukia mfupa wa ng'ombe juu juu huku akiniangalia. Aliruka humo, mchanga ukawa unaturukia usoni. Alipoupata mfupa hakuondoka nao. Alijibwaga pale pale, tumbo limegandamana na mchanga, miguu ya nyuma kainyoosha. Nikamsifu kwa sauti ili Mama asikie. Kwenye matuta nimetandaza wavu wa kuku na kuufunika kwa udongo kidogo, ncha za waya nimezikunja chini zisimchome. Mchicha utapenya kwenye matundu.

Limebaki shimo la getini, na hilo mchanga hautalimaliza. Mbwa jike wa nyumba ya tatu yuko kwenye joto la kutaka dume, na Simba hajahasiwa. Tukimpeleka kwa daktari wa mifugo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa nitaulizia na hilo. Mama hataki kusikia, anaona ni kumwonea. Mimi naona kumwonea ni kumwacha apite chini ya geti usiku, agongwe na bodaboda. Kwa sasa nimejaza mawe ya msingi chini ya geti, na kuanzia kesho nitamtembeza alfajiri, kabla barabara haijachangamka.